Sharti na Kiungo: Michezo ya Maneno katika Ufundishaji wa Utunzi wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika idara nyingi za Kiswahili mwanafunzi hufunzwa kuhakiki muda mrefu kabla hajafunzwa kutunga, na wengi huhitimu bila ya kufunzwa hilo la pili. Mhitimu huyo aweza kueleza muundo wa tarbia, kuainisha vitendawili kwa dhamira na kwa fani, na kujadili falsafa ya riwaya kadha wa kadha. Lakini akipewa karatasi tupu na kuambiwa atunge, huitazama tu. Akienda kufundisha katika shule ya sekondari hulazimika kufundisha insha, na kwa kuwa hana njia nyingine, huwapa wanafunzi wake orodha ya methali, misemo na tashibihi za kukariri. Matokeo yake yanafahamika kwa kila aliyepata kusahihisha mitihani: katika insha mia jua huchomoza kwa namna moja, ndege huimba wimbo mmoja, na mhusika mkuu hutokwa na jasho jembamba mstari wa tano.

Makala haya yanahusu njia mojawapo ya kuondokana na hali hiyo, nayo ni michezo ya maneno. Huenda neno lenyewe, mchezo, likawakera baadhi ya wasomaji wanaoona kwamba chuo kikuu si mahali pake. Itoshe kukumbusha kwamba tangu Johan Huizinga alipochapisha kitabu chake juu ya mwanadamu mchezaji mwaka 1938, wataalamu wengi wamekubali kuwa mchezo una sheria, mipaka na uzito wake, na kwamba ushairi ulizaliwa karibu sana na mchezo. Hilo halihitaji kutetewa tena. Linalohitaji kujadiliwa ni michezo ipi, na kwa nini.

Hoja yetu ni kwamba mchezo wa maneno haumfai mtunzi kwa sababu tu ya kuchangamsha darasa. Nguvu yake hutokana na sharti lake, yaani jambo linalokatazwa au linaloamriwa. Na sharti huzaa utunzi pale tu linapobana kiungo hai cha lugha inayotumika. Mazoezi mengi yanayoletwa madarasani mwetu yalitungwa kwa ajili ya Kifaransa, Kiitaliano au Kiingereza. Yakihamishwa kama yalivyo hubana mahali ambapo Kiswahili hakina kiungo, na mwanafunzi huona kwamba mchezo ni upuuzi. Kwa hiyo kabla ya kuleta zoezi darasani hapana budi mwalimu ajiulize: sharti hili linabana nini katika Kiswahili?

2.0 Michezo ya Jadi

2.1 Kitendawili

Tuanze na mchezo unaofahamika kuliko yote, ambao pia ndio ulioharibiwa zaidi na mtihani. Mtegaji husema "Kitendawili!", hadhira hujibu "Tega!", naye hutega: nyumba yangu haina mlango. Jibu, kila mtoto anajua, ni yai. Shuleni jambo huishia hapo. Mwanafunzi hujifunza swali pamoja na jibu lake, kisha hujifunza dhima tano za kitendawili katika jamii. Anachokosa ni kutega. Kitendawili kilichokaririwa hakitegi chochote, kwa sababu mtego unaojulikana na wote si mtego.

Lakini tukiutazama muundo wake kwa jicho la mtunzi, kitendawili ni zoezi kamili la kutazama upya. Mtegaji huficha jina la kitu na kukieleza kwa kitu kingine, bila ya kusema uongo. Aristotle katika Retorika yake alikwisha kusema kwamba vitendawili vizuri ni chimbuko la sitiari nzuri, na Viktor Shklovsky katika makala yake ya mwaka 1917 kuhusu sanaa kama mbinu alivitumia vitendawili kuonyesha jinsi fasihi inavyokifanya kilichozoeleka kionekane kigeni. Kwetu sisi ambao mchezo huo bado uko hai katika lugha, ni ajabu kumsoma Shklovsky darasani na kutotega kitendawili hata kimoja.

Zoezi lenyewe ni jepesi kulieleza. Mwanafunzi achague kitu ambacho hakikuwapo wakati mikusanyo ya zamani ya vitendawili ilipochapishwa, akitegee. Mathalani: nisipomlisha usiku, mchana haniitikii. Jibu ni simu. Kisha wenzake wajaribu kutegua, na hapa ndipo faida inapopatikana, kwani majibu yasiyotarajiwa huwa mengi: taa ya betri, mgonjwa, hata dhamiri. Mtegaji atagundua ni neno gani limeacha mlango wazi. Aamue kama anataka kuufunga au kuuacha. Hatua ya tatu ni kurefusha: aandike aya nzima juu ya kitu kile bila ya kukitaja jina, huku akichunga kwamba kila sentensi ni ya kweli kwa kitu na kwa sitiari yake. Wengi hukwama katika sentensi ya nne au ya tano, na pale wanapokwama ndipo wanapoanza kukitazama kitu chenyewe.

Kuna sehemu nyingine ya mchezo huu ambayo vitabu huitaja kwa haraka. Hadhira ikishindwa, mtegaji hudai: "Nipe mji." Hupewa mji, pengine akaukataa na kudai mwingine, na mara nyingine husema maneno mawili matatu ya kujigamba juu ya mji aliopewa kabla ya kutoa jibu. Hiyo ni mbegu ya hadithi. Mwanafunzi aliyepewa Kilwa au Kigoma na kutakiwa aeleze, kwa dakika kumi, alivyoingia mjini na kupokewa, huandika kwa ujasiri asiokuwa nao katika insha ya "Safari Niliyoifurahia", kwa sababu mji ule ameushinda mchezoni.

2.2 Kinyume

Mchezo wa pili ni kinyume, ambao Edward Steere, alipoandika juu ya Kiswahili cha Unguja katika karne ya 19, alikwisha kuutaja. Kanuni yake ni kuihamisha silabi ya mwisho ya neno hadi mwanzoni: kitabu huwa bukita, kesho huwa shoke. Vijana wameutumia kufichana siri, na mbinu iliyo jamaa yake imo katika Sheng ya Nairobi, ambamo stori imekuwa risto.

Msomaji ataona kwamba kinyume hakigusi herufi. Mtu akigeuza kitabu kwa herufi hupata ubatik, umbo ambalo si la Kiswahili na ambalo ulimi wa mzungumzaji hulikataa. Silabi ya Kiswahili, aghalabu konsonanti ikifuatwa na irabu, huhama na kukaa mahali papya bila ya kulivunja neno. Mkazo nao, ambao hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, hujipanga upya wenyewe. Maneno ya silabi mbili zinazofanana hayageuki kabisa. Hivyo mama, baba, dada na kaka hubaki vile vile, na mwenye kutaka kumsema mama yake kwa siri katika kinyume itambidi atafute neno jingine.

Kwa mtunzi, lililo muhimu ni maneno ambayo kinyume chake pia ni neno. Mali hutoa lima. Kazi hutoa zika. Taka hutoa kata, saka hutoa kasa, kila hutoa laki. Mali ni neno lililotoka Kiarabu na lima ni la Kibantu. Hakuna nasaba kati yao, na hakuna kamusi itakayoyaweka ukurasa mmoja. Mchezo umeyakutanisha. Mwanafunzi akusanye jozi kumi za namna hiyo, achague moja, atunge kipande kifupi ambamo maneno yote mawili yamo na yana haja ya kuwamo. Jozi ya kazi na zika imekwisha kubeba nusu ya hadithi kabla kalamu haijaguswa. Ajihadhari asiueleze mchezo ndani ya tungo. Msomaji akitaka ataugundua.

2.3 Majibizano

Juu ya majibizano hatutasema mengi, kwani yamechunguzwa vya kutosha. Yatosha kutaja kwamba uhasama wa Mombasa na Lamu mwanzoni mwa karne ya 19 ulikuwa pia uhasama wa mashairi, ambamo Muyaka bin Haji alishiriki. Kwamba gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923 huko Tanganyika, liliwapa washairi uwanja wa kuulizana na kujibizana. Na kwamba Mathias Mnyampala aliigeuza desturi hiyo kuwa ngonjera za jukwaani. Funzo la majibizano kwa darasa ni moja: mtunzi huandika vizuri zaidi akijua ni nani atakayemjibu na lini.

3.0 Sharti la Herufi: Kuandika bila ya "a"

Sasa tugeukie michezo iliyotoka nje, na tuchukue ule mgumu kuliko yote. Mwaka 1960 Raymond Queneau na François Le Lionnais waliasisi nchini Ufaransa kikundi cha Oulipo, kilichokusanya waandishi na wanahisabati waliotafuta masharti mapya ya utunzi. Mmoja wa waliojiunga baadaye, Georges Perec, alitoa mwaka 1969 riwaya iitwayo La Disparition, yaani "Kutoweka", ambayo yote imeandikwa bila ya herufi e, herufi inayotokea mara nyingi kuliko zote katika Kifaransa.

Mwalimu anayetaka kulileta zoezi hili katika Kiswahili huenda akawaambia wanafunzi waandike bila ya e, kama Perec. Hilo ni kosa. Mtu aweza kuandika, "Mama alipika wali na samaki, watoto wakala, wakalala," bila hata ya kujua kwamba yumo katika sharti. Ni kweli kwamba silabi -me- ya wakati timilifu itakosekana, pamoja na hali tegemezi ya vitenzi vya Kibantu, lakini msimulizi hodari atapita pembeni bila taabu. Waliotafsiri riwaya hiyo kwa Kihispania, katika tafsiri iliyotoka mwaka 1997, waliliona tatizo hili: wao waliiacha e na kuifuta a, kwa kuwa ndiyo iliyo uti wa mgongo wa lugha yao. Katika Kiswahili pia herufi ya kufutwa ni a. Lakini linalotokea kwetu baada ya kuifuta halifanani na linalotokea kwa Kihispania, na linastahili kuelezwa kwa utuvu.

Kwanza, kitenzi. Kitenzi cha asili ya Kibantu huishia kwa -a katika kauli ya kawaida, kwa hiyo ona, soma, penda na vinginevyo vyote hutoweka katika umbo hilo. Hurudi katika hali mbili tu: katika kukanusha wakati uliopo (sioni, husomi), na katika kutaka au kuamuru (nione, usome, usipende). Mtu aweza kusema sioni lakini hawezi kusema ninaona. Aweza kutaka kuona lakini si kuona. Vitenzi vya mkopo visivyoishia kwa a, kama rudi, jibu, fikiri na zidi, ndivyo vinavyobaki huru.

Pili, wakati. Viambishi -na-, -ta- na -ka- hufutika. Zinabaki -li-, -me-, -ki-, -nge- na hu-. Wakati ujao haupo: neno kesho limo, lakini nitarudi haliandikiki, na mwandishi hulazimika kusema nirudi kesho, yaani kuugeuza utabiri kuwa ombi. Masimulizi ya mfululizo, nikaenda nikaona nikarudi, nayo hayawezekani.

Tatu, umilikaji. -angu, -ako, -ake na -ao zote zina a. Zinabaki -etu na -enu. Msimulizi wa hadithi isiyo na a hawezi kusema "changu". Kila alicho nacho ni "chetu".

Nne, nafsi, na hapa ndipo sharti linapouma. Nafsi ya kwanza na ya pili zipo: ni-, u-, tu-, m-. Nafsi ya tatu umoja, a-, haipo. Yeye mwenyewe anaweza kutajwa, anaweza kuwa mahali (yumo, yuko), anaweza kutendwa (nilimjibu, nilimsubiri), na kwa hu- anaweza kufanya jambo kwa mazoea (yeye hurudi). Lakini hawezi kutenda tendo moja mara moja. Na nafsi ya tatu wingi hufutika kabisa. Hakuna wao, hakuna hawa wala wale, hakuna kiambishi wa- cha mtenda wala cha mtendwa. Watu waliobaki wengi ni wale tu wanaoweza kuitwa kwa udugu wa -etu, kama ndugu zetu.

Hapa yafaa tumkumbuke Perec mwenyewe. Baba yake alikufa vitani mwaka 1940, na mama yake alipelekwa Auschwitz mwaka 1943 wala hakurudi. Wahakiki kadhaa wameeleza kwamba matamshi ya herufi e ya Kifaransa hukaribiana na neno la Kifaransa lenye maana ya "wao", hivi kwamba riwaya isiyo na e ni pia riwaya isiyo na wao. Katika Kifaransa uhusiano huo ni wa sauti tu. Katika Kiswahili ni wa sarufi: ukiifuta a, unawafuta wao. Hakuna aliyeupanga ufanano huu. Lakini mwanafunzi anayeandika juu ya msiba, uhamisho au kijiji kilichomezwa na maji atagundua kwamba sharti limemkabidhi msimulizi wake: mtu anayewataka walioondoka, asiyeweza kuwataja, asiye na kesho, na asiye na kitu ambacho ni chake peke yake. Kwa mfano:

Nilirudi kijijini. Mto ulizidi. Ndugu, usijibu, njoo tu, uone.

Mstari huo ni mfupi na hauna fahari yoyote, lakini mwenye kuusema tunamsikia. Na ni sarufi ya Kiswahili iliyomfanya aseme hivyo. Baada ya zoezi hili haitakuwa vigumu kumweleza mwanafunzi maana ya nafsi au njeo katika usimulizi, kwani amekwisha kuhisi pengo lake kwa kidole.

Kwa darasa lisilo na muda, lipo sharti jepesi zaidi: kufuta silabi moja badala ya herufi. Silabi na ikikatazwa, hutoweka wakati uliopo wa kawaida pamoja na kiunganishi ambacho wanafunzi hukitumia kufungia kila sentensi. Hapo ndipo wengi hugundua kwamba wamekuwa wakiandika kwa na, na, na.

4.0 Ngeli

Michezo inayofaa zaidi kwa Kiswahili ni ile inayobana ngeli, na ajabu ni kwamba hii ndiyo michache kuliko yote katika vitabu vya mazoezi.

Upo mchezo wa karatasi iliyokunjwa, ambao wasurialisti wa Paris walianza kuucheza yapata mwaka 1925. Wa kwanza huandika nomino, hukunja. Wa pili huongeza sifa bila ya kuiona nomino. Wa tatu huongeza kitenzi, na kuendelea. Ukiuchezesha hivyo kwa Kiswahili, sentensi huvunjika kwa kukosa upatanisho: mti mzuri kimeanguka. Wengi hurekebisha baadaye kwa kalamu nyekundu, na mchezo huisha hapo. Dawa ni ndogo. Anayeandika nomino akunje karatasi, kisha chini ya mkunjo aandike kiambishi cha upatanisho peke yake. Tuseme wa kwanza ameandika "Jua". Wa pili anaona li- tu. Anadhani ni jembe au shoka, anaandika "lililoazimwa jana". Wa tatu naye anaona li-, anaandika "limerudishwa bila mpini". Karatasi ikikunjuliwa:

Jua lililoazimwa jana limerudishwa bila mpini.

Sentensi imesimama wima kisarufi, na imesema jambo ambalo hakuna hata mmoja wa watatu hao aliyelikusudia. Li- imewaunganisha jua na jembe kama kinyume kilivyowaunganisha mali na lima. Kila ngeli ni ukoo wa vitu visivyofahamiana, na utunzi mwingi mzuri ni kuwajulisha.

Gianni Rodari, mwandishi wa Kiitaliano wa fasihi ya watoto, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1973 mchezo wa maneno mawili yaliyo mbali, kama mbwa na kabati, yanayounganishwa kwa vihusishi mbalimbali mpaka hadithi ijitokeze. Katika Kiitaliano vihusishi ndivyo vinavyofanya kazi. Sisi hatuna haja ya vingi hivyo. Mbwa wa kabati na kabati la mbwa tayari ni hadithi mbili. Lakini utajiri wetu uko mahali pengine: yupo kabatini, yuko kabatini, yumo kabatini. Wa kwanza tunajua hasa alipo. Msimulizi anaweza kumwonyesha kwa kidole. Wa pili yuko huko kwenye kabati, mahali fulani, na pengine msimulizi ameambiwa tu. Wa tatu yuko ndani na mlango huenda umefungwa. Swali la nani aliyeufunga linaanza pale pale. Pa-, ku- na mu- ni mitazamo mitatu ya usimulizi iliyofichwa katika silabi moja moja, na mwanafunzi aliyeandika ukurasa mmoja kwa kila mojawapo hatahitaji kufafanuliwa tena kwamba uteuzi wa kiambishi ni uteuzi wa mahali pa kusimama.

Mchezo wa mwisho wa ngeli ni wa kupandisha na kushusha. Katika ngano zetu Jembe akizungumza husemwa "alisema", si "lilisema". Zoezi ni kuandika sentensi kumi juu ya kitu, kikianza na upatanisho wake (jembe limeegemea ukuta) na kuishia na a- (jembe amechoka), kisha kuamua badiliko litokee katika sentensi ipi. Likitokea mapema mno msomaji hucheka. Likichelewa huonekana ni kosa la uchapaji. Kinyume chake ni kikali zaidi: mtu aanze na a- na amalizie na li- au ki-. Mzee anakuja, lizee lile linakuja. Hapa mchezo unakoma kuwa wa kitoto, kwa sababu silabi moja imemtoa mtu katika utu, na mwandishi hana budi kujua ni nani katika hadithi anayeitamka. Wanafunzi wa kozi ya riwaya hujadili "mtazamo" muhula mzima pasipo kuigusa li- hiyo.

Michezo ya mnyambuliko tunaipitia kwa haraka. Mzizi mmoja, tuseme -fung-, utumike kwa vitenzi vyote vya aya moja: alifunga duka, akafungwa; alipofunguliwa alikuta duka limefunguliwa na mwingine. Ufunguo, kifungo, mfungo na mfungwa vinaruhusiwa.

5.0 Mizani kama Mtambo

Tangu Kaluta Amri Abedi alipochapisha Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na hasa baada ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi kutoka mwaka 1974, mjadala wa vina na mizani umeendeshwa kana kwamba ni kesi ya mirathi. Kwa aliye darasani kutunga, ni nafuu kuichukulia sheria hiyo kama sharti la mchezo miongoni mwa masharti mengine, likiulizwa swali lile lile: linabana nini?

Queneau alitoa mwaka 1961 kitabu cha soneti 10, kila moja yenye mishororo 14 iliyokatwa katika vipande vya karatasi, hivi kwamba mshororo wowote wa soneti moja unaweza kukaa mahali pa mwenzake katika soneti nyingine. Idadi ya soneti zinazowezekana ni 10 kwa kipeo cha 14. Shairi la tarbia laweza kukatwa vidogo zaidi, kwa kuwa kila mshororo una ukwapi na utao wa mizani minane minane. Darasa likitunga beti 10 zenye vina vilivyolingana, kila ubeti huwa na vipande 8, na beti zinazowezekana ni 100,000,000. Anayesoma ubeti mmoja kwa dakika, usiku na mchana, atahitaji miaka 190. Tuchukue mishororo miwili tuliyoitunga kwa ajili ya kuonyesha:

Moshi wapanda angani, nyumba nzima yazizima
Taa zazimwa sokoni, wachuuzi wamehama

Tukibadilisha utao, moshi ndio unaowahamisha wachuuzi, na nyumba inazizima kwa kuwa soko limezimwa. Hakuna neno lililobadilika; kilichobadilika ni sababu. Lakini mtambo huu hukataa kufanya kazi endapo upatanisho utavuka mpaka wa kipande, yaani kiima kikiwa katika ukwapi na kiarifu chake katika utao. Kila kipande sharti kijitosheleze. Mwanafunzi aliyelazimika kutunga vipande vinane vya namna hiyo ataelewa kwa mkono wake kwa nini mishororo mingi ya washairi wa kale husikika kama methali, na pia ni kitu gani hasa mshairi wa mtiririko huru anakipata anapouacha mpaka huo: uhuru wa kuanza sentensi upande mmoja na kuimaliza upande wa pili.

6.0 Uendeshaji na Usahihishaji

Mambo machache ya utendaji. Muda uwe mfupi. Dakika kumi na tano zatosha kwa michezo mingi, isipokuwa ule wa kuifuta a, ambao unahitaji juma zima na unafaa kufanyiwa nyumbani. Kila tungo isomwe kwa sauti, kwani masikio hugundua silabi iliyozidi kabla ya macho. Mwalimu naye acheze, na tungo yake isomwe pamoja na nyingine bila ya jina. Kundi lenye wazungumzaji wa lahaja tofauti liachwe lilivyo: mtu wa Pemba na mtu wa Lubumbashi hawatategea kitu kimoja kitendawili kimoja, na hapo darasa hupata majibu mawili halali.

Hatari kubwa ni werevu. Wapo wanafunzi ambao wakishapata ladha ya sharti hawatoki humo. Huandika kurasa zisizo na a, wakatuonyesha kama mtu anayetembea juu ya kamba, na hakuna lililosemwa. Oulipo nao hawakusalimika na ugonjwa huu. Ndiyo maana twapendekeza kila zoezi lizae karatasi mbili. Ya kwanza iandikwe chini ya sharti, bila ya kuvunja hata mara moja. Ya pili iandikwe baada ya siku mbili tatu, sharti likiwa limeondolewa, na mwanafunzi akiruhusiwa kurudisha herufi, nafsi au wakati uliokatazwa, lakini pale tu anapoona kwamba tungo inauhitaji. Aliyeandika kijiji chake bila ya wao atalazimika kuamua ni katika sentensi ipi awarudishe, na kama warudi wote.

Alama zitolewe kwa karatasi ya pili. Ya kwanza iambatishwe nyuma, na msahihishaji asiifunue mpaka awe amekwisha kuandika maoni yake.